Kumtaja Mnyoo kwa Jina

Nyumbani kwetu, upande wa Ruangwa, kila mtu anajua kwamba mimi nimesomea minyoo. Ndivyo ilivyotangazwa kanisani Jumapili niliporudi na shahada ya pili. Katekista alisimama mbele akasema mtoto wetu amerudi salama, amesomea minyoo, tumpigie makofi. Watu wakapiga makofi kwa moyo mmoja. Nilipotoka nje tu, mama mmoja wa jumuiya yetu akanivuta pembeni mwa ukuta, akamfunua mjukuu wake tumbo, akaniuliza ampe dawa gani. Nikamwambia ampeleke zahanati. Alinitazama kama mtu aliyeomba chumvi kwa jirani akanyimwa.

Tangu hapo nimejieleza mpaka nimechoka. Minyoo niliowasomea mimi ni wa baharini. Ni minyoo bapa, wembamba kama jani la mchicha lililolowa maji, wanaotambaa juu ya mawe bahari ikipwa, na baadhi yao wana rangi na pindo za kupendeza kuliko kanga yoyote niliyowahi kuvaa. Hawaingii tumboni mwa mtu. Hawana habari na mtu. Kazi yangu ilikuwa kuwatafuta kwenye miamba ya Lindi, kuwachora, kuwapanga katika makundi yao na, nikibahatika, kumpa mmoja wao jina ambalo hakuna aliyewahi kumpa.

"Jina tu?" baba aliniuliza siku ya kwanza nilipomweleza.

"Jina na mahali pake, baba. Ajulikane ni wa ukoo gani."

"Halafu?"

"Halafu basi."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Baba yangu alikuwa mtu wa kucheka, na alikuwa na tabia ya kukucheka mbele ya uso wako halafu akakutetea ukishaondoka. Nasikia alikuwa akiwaambia wenzake kwamba binti yake ana kazi nyeti ya serikali huko baharini, hawezi kuieleza.

Si kazi ya mchezo, hata hivyo. Mnyoo bapa wa baharini ukimgusa kwa papara anachanika vipandevipande, na ukichelewa kumhifadhi anageuka ute mbele ya macho yako. Rangi, ambayo ndiyo iliyokuvuta, inafifia ndani ya dawa. Wala rangi peke yake haitoshi. Ili ujue ni wa familia gani inabidi umkate vipande vyembamba kuliko karatasi ya sigara, kisha utazame kwa darubini viungo vyake vya uzazi vimekaaje, na kila mmoja ana vya kiume na vya kike humohumo. Kuna wenye kikombe cha kujishikizia chini ya tumbo na wasio nacho, na kwa muda mrefu wataalamu waligawa oda yao nzima, yaani kundi lao lote, kwa kufuata kikombe hicho. Halafu vikaja vipimo vya vinasaba. Familia ambazo watu walizeeka wakizitetea zikavunjwa, huyu akahamishiwa kule, yule akarudishwa huku. Mnyoo mwenyewe hana taarifa.

Mimi nilimpata mmoja, mweusi kama mahameli, mwenye ukingo wa rangi ya chungwa, ambaye hatukumwona katika maandiko yoyote. Nilikaa naye wiki nzima nikimtafutia jina. Tukampeleka kwa bingwa mmoja ng'ambo, na jibu likaja kwamba alikuwa mchanga, viungo vyake vya uzazi havijapevuka, hawezi kuwekwa popote. Mpaka leo anaitwa kwa jina la jenasi, kisha "sp.", kifupi cha spishi isiyojulikana, na nukta yake mbele. Nukta hiyo ndiyo mchango wangu katika elimu ya viumbe.

Sasa nafundisha baiolojia katika sekondari moja hapa Nachingwea, na bahari naiona likizo, kama naiona. Wanafunzi wananiita Madamu Minyoo wakidhani sisikii. Mwalimu wa Kiswahili, ambaye tunakaa naye meza moja, hunisumbua kwa ngeli zake: eti mnyoo ana uhai, kwa hiyo ni "mnyoo huyu", na anayesema "mnyoo huu" anyimwe chai. Namwambia ngeli zangu zina matatizo zaidi ya zake. Kitabu cha kiada kinaigawa faila ya minyoo bapa katika ngeli tatu, yaani wanaoishi huru, kina tegu, na kina kichocho. Nazichora ubaoni, watoto wananakili, mtihani unazitaka hivyohivyo. Lakini ngeli ile ya wanaoishi huru ilishavunjwa, kwa sababu ilionekana kwamba hawa wanaokaa ndani ya watu na wanyama walizaliwa humohumo, katika nyumba ya wale walio huru. Kwa maneno ya kwetu, kichocho na mnyoo wangu mzuri wa Lindi ni watu wa ukoo mmoja.

Hilo nililijua kwa miaka, nikalifundisha, nikalisahihisha kwa wino mwekundu. Halikuwahi kuninyima usingizi mpaka baba alipoanza kukojoa damu.

Mwenyewe alisema ameanza tena. Utotoni, yeye na wenzake walikuwa wakiamia ndege kwenye mashamba ya mpunga bondeni, wakishinda ndani ya maji toka asubuhi, na mvulana aliyekojoa damu alihesabiwa kuwa amekua. Walikuwa wakishindana. Yule ambaye mkojo wake bado mweupe alitaniwa kwamba bado ananyonya, arudi kwa mama yake. Hakuna aliyekwenda hospitali, maana nani anatibiwa ukubwa? Baba alinisimulia haya amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja kwenye kinena, uso umemkunjamana, na bado anacheka.

"Kwa hiyo mama, nimekuwa kijana tena," aliniambia. Baba aliniita mama tangu nikiwa mdogo, kama akina baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

Masika yalikuwa yanakwisha, barabara inapitika. Nikaomba ruhusa shuleni, tukakodi gari, tukaenda hospitali ya misheni, mimi, yeye na mama. Walimpima siku hiyo, wakampima kesho yake, kisha daktari akatuita sisi wawili ndani, mama na mimi. Alikuwa mtu mpole, anayeongea akikutazama. Alisema kuna uvimbe mkubwa katika kibofu. Ni saratani, na imeshatoka nje ya kibofu. Kwa jinsi anavyoona, alisema, chanzo ni kichocho cha zamani sana ambacho hakikutibiwa.

"Kichocho ni mdudu gani?" mama aliuliza.

"Ni mnyoo, mama. Mdogo sana. Anakaa kwenye mishipa ya damu."

Mama akashusha pumzi. Nilimwona mabega yakilegea, na uso wake, uliokuwa umefungwa tangu Ruangwa, ukafunguka.

"Afadhali," alisema. "Kumbe nnyoo."

Mama yangu ni Mmwera wa kuzaliwa na kukulia shamba, Kiswahili alikikuta ukubwani, na mnyoo kwake ni nnyoo, kama mtoto alivyo ntoto. Alinigeukia akanishika goti kwa nguvu. "Daktari, huyu ndiye ntoto wetu aliyesomea minyoo."

Daktari alinitazama kwa shukrani, kama mtu aliyepata wa kumpokea mzigo. Nikasema, "Ni wa baharini." Nilikaa pale na shahada zangu mbili nikisema ni wa baharini, ni wa baharini, na mama ananipapasa goti.

Daktari akaeleza mwenyewe. Minyoo wenyewe walishakufa zamani. Walichoacha ni mayai yaliyonasa kwenye kuta za kibofu, mayai yakaleta makovu, makovu yakaleta hili. Dawa ya kichocho ipo, ni ya kawaida, lakini hakuna wa kumuua. Kumsafirisha mpaka Dar, alisema, kutamchosha tu. Akatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akamwekea baba mpira wa mkojo, akatuonyesha namna ya kumwaga mfuko wake. Nilielewa kila neno. Ningeweza kumchorea ubaoni mzunguko mzima, kuanzia konokono wa bondeni mpaka kibofu cha baba yangu, na mishale yake.

Njiani kurudi mama alikuwa akimweleza dereva. Alimwambia ni mnyoo tu, na kwamba nyumbani tuna mtaalamu. Dereva akasema Mungu mkubwa. Mimi nilikuwa nimeshika mfuko wa mkojo usiguse sakafu ya gari, nikatazama mikorosho inavyopita.

Sasa lazima niseme jambo moja la kwetu, bila hivyo yaliyofuata yataonekana ya ajabu. Mtu akipandwa na shetani, kwetu hafukuzwi hivihivi. Watu wanakaa na mgonjwa, ngoma inapigwa, huyo aliyempanda anaulizwa: wewe nani, umetoka wapi, wa kwa nani? Anakataa, ananung'unika, anadanganya. Siku akilitaja jina lake shughuli imekwisha, maana ukishamjua jina unaweza kumwambia nenda. Padri hapendi mambo hayo, na mama ni mtu wa rozari kila jioni. Lakini mdogo wake wa tumbo moja alipona hivyo walipokuwa wasichana. Mama alikuwepo, alilisikia jina kwa masikio yake mwenyewe, na asubuhi mdogo wake akaomba uji. Hakuna mahubiri yatakayoliondoa hilo.

Likizo ya katikati ya mwaka ilinikuta palepale nyumbani. Mchana mmoja tulikuwa nje tunafua mashuka ya baba, yeye amelala ndani karibu na dirisha.

"Sasa nitajie jina lake," mama alisema.

"La nani?"

"La huyo nnyoo."

"Si kichocho, mama. Umelisikia kwa daktari."

"Hilo la watu wote. Nataka la kwake. Ninyi mnayo majina yao. Miaka yote ile, si ndiyo ulikuwa unasomea hayo?"

Nikajua tunakoelekea, na hasira ikaanza kunipanda. "Mimi nilisomea wengine. Wa baharini."

"Si ndugu?"

Ningeweza kumdanganya. Laiti ningesoma zamani kidogo, kabla ngeli haijavunjwa, ningesema si ndugu kwa dhamiri safi.

"Ni ndugu," nikasema. "Wa mbali."

"Kwa mama au kwa baba?"

Kwetu hilo si swali la mzaha. Ukoo unafuata mama, na ndugu wa upande huo ndiye ndugu wa kweli. "Mama, wale wa kwangu kila mmoja ni mama na ni baba palepale. Hakuna upande."

"Basi ndugu kabisa," alisema, kama mtu aliyemaliza kesi. "Unalijua jina lake. Ntaje, aambiwe aondoke."

Nilimfokea. Nilimwambia wamekufa, wamekufa kabla mimi sijazaliwa, hakuna wa kumwita, ni sawa na kupiga hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Nilimwambia majina yetu si ya kufukuzia kitu, ni ya kupangia. Nilimwambia kwamba kama jina lingemponya baba ningeshalitaja. Mama alikamua shuka, akalikung'uta, akaenda kulianika, na nyuma yake nikaona jinsi kisigino cha kandambili kilivyoisha upande mmoja.

Baba akaniita kutoka dirishani. Sauti yake ilikuwa imeshakuwa nyembamba.

"Mama, njoo. Mfanyie tu mwenzako anachotaka."

"Ni uongo, baba."

"Jina ni la uongo?"

"Jina ni la kweli."

"Basi sema la kweli. Mimi hapa nalala tu, sina kazi nyingine."

Tulifanya Jumamosi mchana, majirani wakiwa mashambani. Mama alivaa kitenge kizuri, rozari shingoni, na alikuwa na bakuli la unga wa mtama ambalo sikumuuliza ni la nini. Akakaa kwenye mkeka karibu na kitanda. Mimi nilisimama miguuni pa baba, mikono nyuma, kama nilivyo darasani. Nilianza juu kabisa, kwa sababu sijui kuanzia kwingine.

"Himaya," nikasema, "Animalia."

Mama aliinamia tumbo la baba, akasubiri. Hapakutokea kitu. Akanitikisia kichwa niendelee.

"Faila, Platyhelminthes. Ngeli, Trematoda."

"Polepole," mama alisema. "Anasikia jina moja moja, kama ntu."

"Oda, Diplostomida. Familia, Schistosomatidae." Kwa kila jina mama aliinama, akasubiri, akachota unga kwa ncha za vidole akaudondosha chini. Baba alikuwa ametulia, macho yake kwangu, na nakumbuka kwamba alikuwa akinitazama kwa fahari. Hilo ndilo lililonivunja zaidi. Alikuwa hajawahi kuniona nikifanya kazi.

"Jenasi, Schistosoma. Spishi, Schistosoma haematobium."

Kuku aliingia, mama akamtoa kwa mkono bila kugeuka.

"Maana yake nini?" baba aliuliza.

"Schistosoma ni mwili uliopasuka. Dume amepasuka kwa mbele, toka juu mpaka chini, na jike anaishi ndani ya mpasuko huo. Wanakaa hivyo maisha yao yote, wameshikana."

"Kumbe wameoana."

"Wameoana, baba."

"Na mimi ndiye niliyewapa nyumba." Akacheka kidogo, kisha maumivu yakamkatisha, akashika ukingo wa kitanda. Mama alimfuta jasho kwa ncha ya kitenge.

"Na lile la pili?" mama aliuliza.

"Haematobium. Anayeishi kwenye damu."

Mama alifikiri. "Hapo mmesema anavyokaa na anapokaa," alisema. "Hilo mmempa ninyi. Mimi nakuuliza, yeye mwenyewe anaitwa nani?"

Nilipitia kichwani kila nilichofundishwa, chuo hiki na kile, na hapakuwa na darasa lililofika hapo. Majina yote niliyokuwa nayo ni tuliyowapa sisi, kwa makubaliano yetu, tukiwa wenyewe ndani ya vyumba.

"Sijui, mama," nikamwambia.

Nilitegemea anikasirikie, na ningefurahi kama angenikasirikia. Alinihurumia. Alinyanyuka, akakung'uta unga mikononi, akasema, "Haya. Tutamwita hilohilo, mpaka aitike. Nifundishe."

Nikamfundisha. Ulimi wake ulilikataa. Lilitoka Sisitosoma, likatoka Shisitosomu, likatoka ematobiu. Alilirudia akitwanga, akalirudia akimwaga mfuko wa baba, ambao siku hizo ulikuwa na rangi ya juisi ya ukwaju, siku nyingine nyeusi. "Sisitosoma ematobiu, toka. Toka kwa mume wangu. Umekaa vya kutosha." Alisema bila ukali, kama anavyomwambia mgeni aliyezidisha siku. Usiku nilimsikia akisali rozari na jina likiwa katikati, baada ya Salamu Maria, na nikavuta shuka kichwani.

Shule zikafunguliwa. Nilirudi Nachingwea kwa sababu kidato cha nne walikuwa na mtihani mbele yao, na kwa sababu, niseme wazi, nilikuwa nakimbia. Mama alianza kunipigia simu wakati wa mapumziko. Hakunipigia kunieleza hali ya baba. Alinipigia kuuliza matamshi.

"Nisikilize nikiliita," alisema. "Sisitosoma."

"Ski, mama. Ski-sto-soma."

"Sikisitosoma."

"Karibu. Vuta kidogo."

Ndani ya ofisi ya walimu, chai inamiminwa, watu wanabishana juu ya Simba na Yanga, na mimi nimebana simu sikioni namsahihisha mama yangu jina la Kilatini. Mwalimu wa Kiswahili aliinua macho, akaona uso wangu, akayashusha. Siku hiyo hakuniletea utani wake. Nilimsahihisha mama kwa bidii, silabi kwa silabi. Nilikuwa nimejaribu kutafuta dawa kali zaidi ya maumivu, nikampigia daktari, nikampigia hata rafiki wa chuo aliyeko hospitali kubwa, wote wakaniambia kwa upole jambo lilelile. Hili moja nililiweza. Niliweza kumwambia kama amekosea au amepatia.

Nyuma ya sauti yake nilimsikia baba. Mara za kwanza aliita, "Mwambie nimeshatoa mmoja, bado mke wake," na mama akamkemea. Baadaye nilisikia akihema tu. Baadaye mama alianza kutoka nje ya nyumba kabla ya kunipigia, nikawa nasikia upepo na mbuzi.

Siku aliyonipigia bila kuuliza jina nilielewa kabla hajasema. "Njoo," alisema, na akakata. Nilipofika, na pikipiki ilinipeleka kwa kasi ambayo siku nyingine ningemshushia dereva matusi, wanawake walikuwa wameshakaa chini ukumbini, na kitanda kilikuwa kimeshaondolewa godoro.

Tukamzika. Padri alisema maneno mazuri. Katekista, mzee yuleyule, alinishika mkono kwa mikono yake miwili, na katika macho yake niliona swali ambalo wengi walikuwa nalo siku ile na hakuna aliyekosa adabu ya kulitamka: huyu si ndiye aliyesomea?

Arobaini ilipopita nilikwenda kukaa na mama siku za mwisho wa juma. Mbaazi zilikuwa zimekomaa, watu wote wako mashambani, nyumba ilikuwa na ukimya ambao sikuujua. Tulikaa kivulini ukutani, tunapepeta mbaazi, yeye na ungo wake, mimi na wangu. Alikuwa amekonda. Alipepeta bila kuangalia, kwa mikono tu, makapi yakaondoka na upepo upande wa barabarani.

"Nilitaka nikuulize," alisema. "Na unijibu kama unavyowajibu wanafunzi wako. Usinionee huruma."

"Uliza, mama."

"Siku zile, nilikuwa silitamki sawasawa, siyo?"

Nilisimamisha ungo. Nilitaka kumwambia tena habari ya mayai na makovu, na kwamba hakukuwa na wa kumwita, na kwamba hata kama ningelitamka mimi, hata kama angekuja kulitamka bingwa yule wa ng'ambo aliyenirudishia mnyoo wangu, baba angekwenda vilevile. Nilikuwa na maelezo yote. Nilimtazama usoni nikaona kwamba hakuwa akiuliza kuhusu mnyoo.

"Ulilitamka vizuri," nikasema.

"Hata mwishoni?"

"Hata mwishoni."

Akachagua jiwe dogo katika mbaazi akalitupa. Kisha akanyoosha mgongo, akatazama mbele yake, na akalisema. Schistosoma haematobium. Alilisema lote, polepole, kila herufi mahali pake, vizuri kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha na, nadhani, vizuri kuliko mimi. Hapakuwa na cha kusahihisha.

"Nafanya mazoezi bado," alisema. "Sasa limekaa ulimini." Akauinua ungo, mikono yake ikaanza tena kwenda. "Baba yako angenisubiri kidogo tu."